Eti mwili unazoea kulala masaa 4? Jinsi ya kujipima, na jinsi ya kupunguza hasara kama huna namna

Nianze na kilichonikuta maana ndo kilichonifanya nianze kufuatilia haya mambo. Mi nakaa Chanika, kazi yangu stoo Kariakoo, duka la jumla la mashuka na vitenge, sasa anayeijua Chanika hesabu yake anaijua, mzigo ukishushwa saa 1 asubuhi na we uwepo inabidi saa 10 na nusu alfajiri uko kituoni, maana yake saa 10 ushaamka, jioni unatoka saa 12, foleni ya Tazara, foleni ya Gongo la Mboto, unaingia ndani saa 3, kula, kuoga, kuongea na watoto kama hawajalala, mpira kidogo, simu kidogo, kichwa kinagusa mto saa 6 usiku. Masaa 4. Nimekaa hivyo karibu mwaka na nilikuwa najisifu kabisa, nawaambia watu mi mwili ushazoea, nyie mnalala kupitiliza.

Siku hiyo nikaandika kwenye daftari marobota 12 ya mashuka yametoka. Yalitoka 21. Jioni tunahesabu, tisa hayaonekani. Tumeyatafuta siku mbili, na kijana wa watu anayepakia ameitwa mwizi mbele za watu wazima, mpaka risiti ya mteja ilipopatikana ndo ikaonekana mkono uliogeuza namba ni wangu. Nikamuomba msamaha, akanisamehe, lakini mpaka leo hanitanii kama zamani. Na kilichonishangaza sio kukosea, kila mtu anakosea, ni kwamba siku ile nilikuwa najisikia poa kabisa. Sikuwa nasinzia, sikuwa napiga miayo, ningeapa.

Hapo ndo kwenye jibu lenyewe. Mwili hauzoei. Kinachozoea ni ule utambuzi wako wa kuchoka, unaacha kukupa taarifa.

Hili limepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa chuo kikuu cha Pennsylvania kule Marekani walitoa matokeo ya watu 48 wenye afya zao, waligawanywa, wengine walale masaa 8, wengine 6, wengine 4, siku 14 mfululizo, na kundi lingine lilikeshwa siku 3 bila kulala kabisa. Wanalala maabara, wanaangaliwa, kwa hiyo hamna cha kudanganya. Kipimo kikuu kilikuwa kitu cha kijinga tu, unakaa dakika 10 mbele ya skrini, kitu kikiwaka bonyeza kitufe. Wa masaa 8 hawakuwa na shida. Wa masaa 6, ambao ndo mimi na wewe tukijitahidi, kila siku wanazidi kuchelewa kubonyeza, mpaka wiki ya pili inaisha wako kama mtu aliyekesha usiku mzima, na wa masaa 4 kama aliyekesha siku mbili. Sasa waulize wanajisikiaje. Siku za mwanzo wanasema wamechoka, afu baada ya hapo wakatulia, kausingizi kadogo tu. Makosa yanapanda kila siku, kujisikia kumesimama palepale. Niliposoma hapo nikaliona daftari langu.

Najua utaniambia mjomba wako analala masaa 5 tangu ujana wake na yuko fiti. Inawezekana ni kweli. Wapo watu wamezaliwa hivyo, mwaka 2009 kundi la Ying-Hui Fu wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walikuta mama na binti yake wenye badiliko kwenye jeni inaitwa DEC2, wanalala kama masaa 6 tu na wako sawa, na baadae zikapatikana jeni zingine. Lakini hao ni wachache mno, na alama yao ni moja rahisi, hata likizo wanaamka wenyewe muda uleule na hawahitaji kikombe cha kahawa kuwasukuma. Mjomba wako akipata Jumapili analala mpaka adhuhuri? Basi hana jeni yoyote, ana deni la usingizi.

Hoja nyingine inayoletwa sana ni ya wazee wetu walilala kidogo. Hii angalau ina kichwa na miguu. Mwaka 2015 ilitoka kazi moja walipima kwa vifaa vya kuvaa mkononi usingizi wa Wahadzabe wetu hapa wa Ziwa Eyasi pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme, na wakakuta wanalala kati ya masaa 5.7 na 7.1. Watu wakaishika hiyo namba wakakimbia nayo. Wameacha kusema kwamba huo ni usingizi halisi, umetolewa muda wa kugeukageuka, na tangu usingizi unapowachukua mpaka wanapoamka kabisa yalikuwa yanapita masaa 6.9 mpaka 8.5. We unayesema unalala masaa 6 umehesabu tangu ulipopanda kitandani na simu mkononi. Toa hiyo simu, toa mbu, toa mtoto anayeomba maji, tuambie imebaki ngapi.

Sasa tuingie kwenye kujipima, usiniamini mimi, jipime.

Anza na daftari. Wiki moja, kila asubuhi andika saa uliyozima taa na simu (sio saa uliyopanda kitandani), saa uliyoamka, na usingizi umekatika mara ngapi. Usikadirie mwisho wa wiki maana utajipendelea. Mi nilikuwa najua nalala masaa 4 kamili, daftari likasema 3 na dakika 50, na siku za mechi za Ulaya zinazoanza saa 4 au saa 5 usiku ndo usiseme.

Cha pili ni kijiko, hiki ndo nakipenda. Jumamosi saa 8 mchana, hujanywa kahawa wala eneji, jilaze kitandani chumba kiwe na giza kidogo, mkono uning'inie nje ya kitanda umeshika kijiko cha chai kwa vidole tu, chini yake weka sinia la bati. Angalia saa. Fumba macho. Usingizi ukikuchukua vidole vinaachia, kijiko kinagonga sinia, unashtuka, unaangalia saa tena. Ukifika dakika 15 na kijiko bado unacho, uko vizuri. Kikianguka kwenye dakika 10 hivi deni lipo la kawaida. Chini ya dakika 5, ndugu yangu una hali mbaya. Changu mara ya kwanza kilianguka kabla ya dakika 3, na mwanangu wa pili alikuwa amekaa mlangoni anasubiri, alicheka mpaka akaenda kuita wenzake, ikabidi nirudie mbele ya kadamnasi. Dakika mbili na nusu.

Cha tatu kinataka likizo. Zima alamu kabisa wiki nzima, lala ukisikia usingizi. Siku mbili tatu za mwanzo utalala kama mzigo, hizo usizihesabu, unalipa deni. Angalia siku ya nne mpaka ya saba unaamka mwenyewe baada ya masaa mangapi, hiyo ndo saizi yako. Wengi inaangukia 7 mpaka 8, wataalamu wa usingizi wa Marekani mwaka 2015 walikubaliana mtu mzima asishuke chini ya 7. Yangu ilitoka 7 na robo. Mwaka mzima nilikuwa naiba masaa matatu kila siku kutoka mwilini mwangu afu najisifu.

Kuna kitu lazima nikiseme kwa haki, maana nikikificha mtu atanikuta nacho. Kupunguza kidogokidogo kumewahi kujaribiwa. Miaka ya 1970 Marekani walichukua wanandoa wachache, wengi wao wa masaa 8, wakawa wanapunguza nusu saa, wanakaa wiki mbili tatu, wanapunguza tena. Wakafika kati ya masaa 5 na nusu na 4 na nusu wakashindwa kushuka zaidi, wamechoka. Lakini mwaka mmoja baadae, wakilala wanavyotaka wenyewe, wale wa masaa 8 walikuwa bado wanalala pungufu ya zamani kwa saa 1 mpaka 2 na nusu. Kwa hiyo mtu wa masaa 8 au 9 anaweza akawa na ka ziada fulani ka kupunguza. Ila ni watu wachache sana wale, usijengee nyumba juu yake. Kama unataka kujaribu fanya hivyohivyo, nusu saa, wiki mbili, rudia kijiko, kijiko kikianza kuwahi rudi ulikotoka. Hao wahamasishaji wanaokwambia kesho amka saa 10 usiku utajirike, muulize kwanza yeye mchana analala saa ngapi.

Na zile ratiba za kulala dakika 20 mara sita kwa siku, achana nazo. Ni ngumu kuzimudu kwa muda mrefu na bosi gani atakuruhusu.

Haya, sasa tuseme huna namna. Kodi ya karibu na mjini huiwezi, una mtoto mchanga, una kazi mbili, Ramadhani imeingia unaamka daku, unasoma jioni. Lengo sio kuzoea, ni kupunguza hasara.

Saa ya kuamka isibadilike, hata Jumapili iachie saa moja tu ya kuzidi. Mwili una saa yake ndani na inapenda kuamshwa muda mmoja na kuona mwanga wa jua, ukilala mpaka saa 6 mchana Jumapili, usiku huo usingizi hauji na Jumatatu unaianza na masaa 3. Deni lilipe upande wa usiku, yaani lala mapema siku tatu nne mfululizo. Mi Ijumaa na Jumamosi saa 3 na nusu nimeshalala, marafiki wananiita kuku, sawa.

Ukijua kabisa wiki fulani itakuwa ngumu, mitihani, msiba, harusi ya ndugu, Ramadhani, weka akiba kabla. Hili nalo limepimwa mwaka 2009, walioongezewa usingizi wiki moja kabla ya kunyimwa waliyumba kidogo kuliko wenzao na walirudi sawa mapema zaidi. Hata nusu saa kila usiku sio haba.

Mchana tafuta dakika 20. Sio 50, ukifika huko unakuwa umezama, ukiamshwa unaamka mzito kama umepigwa na kitu, bora usingelala. Na iwe kabla ya saa 9 alasiri usije ukala usingizi wa usiku. Mi nalala juu ya marobota baada ya chakula, alamu mfukoni iko mtetemo, bosi mwanzoni alinuna lakini nikamkumbusha habari ya marobota tisa akanyamaza. Wa daladala mbinu unaijua, geuza nayo, panda gari linaloenda mwisho ulipe nauli mara mbili upate siti, mi asubuhi hiyo hela siioni hasara kabisa, maana kwenye siti nalala mpaka Kariakoo. Dirishani, begi mapajani kamba imezungushwa mkononi, simu iwe ndani ya nguo. Ila jua tu usingizi wa gari ni wa mang'amung'amu, tuta la Pugu linakuamsha, usiuhesabu kama masaa kamili.

Kahawa. Ukikaa macho kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo, ndo inayokuletea usingizi. Kafeini haiiondoi. Inachofanya ni kama abiria aliyewahi siti, adenosini inabaki imesimama kwenye gari inashika bomba, na inazidi kupanda kila kituo. Kafeini ikishuka, wote wanakaa kwa mpigo, ndo ule usingizi wa ghafla wa saa 10 jioni. Na haishuki haraka, baada ya kama masaa 5 nusu yake bado imo mwilini. Kwa hiyo ile kahawa ya kijiweni baada ya Isha na kashata yake, tamu, stori nzuri, lakini saa 6 usiku bado iko kazini. Mi mwisho wangu saa 8 mchana. Eneji ndo kabisa, watu wanapiga mbili kwa siku afu wanalalamika hawalali. Ila kuna ujanja mmoja mzuri, kunywa kahawa afu jilaze hapohapo zile dakika 20, kafeini inachukua muda kuanza kazi kwa hiyo unaamka vyote vimekutana.

Na masaa machache uliyonayo yasiibiwe. Dar mwizi namba moja ni joto, kuanzia Desemba mpaka Machi ndo balaa, mwili ili ulale lazima upoe kidogo ndani, na chumba cha bati lisilo na dari saa 5 usiku bado kinatoa moto wa mchana. Oga kabla ya kulala hata kwa maji ya kawaida, feni usiiweke ikuzungushie hewa ileile ya moto, iweke dirishani ivute ya nje, na neti uibane chini ya godoro maana mbu mmoja anatosha kukumalizia saa nzima. Mwizi wa pili ni bando la usiku. Wanakuuzia bei chee kwa sababu ni usiku! Mi nilikuwa nanunua ili nidownload vitu vya kuangalia siku nyingine, najikuta naangalia palepale mpaka saa 8. Siku hizi simu inalala sebuleni na alamu ni ile saa ya mezani ya kelele. Kigodoro mtaani, hapo sina dawa, pamba masikioni na subira, au uende ukacheze.

Walinzi na watu wa shifti ya usiku nawaonea huruma zaidi maana nyie mnapigana na jua lenyewe. Jirani yangu ni mlinzi, anarudi saa 1 asubuhi, alikuwa anapata masaa 3 tu, watoto wanapiga kelele, muuza samaki anapita, mtu anabisha hodi kuomba chumvi. Alichofanya ni hivi, akapigilia kitenge kizito juu ya pazia dirisha zima, njiani anavaa kofia na miwani mwanga usimuamshe, na mkewe akaning'iniza kanga nyekundu mlangoni, majirani wote tumeambiwa ikiwepo hamna hodi. Sasa anafika masaa 6. Hiyo kanga ilituchekesha wiki ya kwanza.

Sehemu ambayo sina utani nayo ni chombo cha moto. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mpaka 19 alipimwa akaonekana anaitikia taratibu kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Umeamka saa 10 alfajiri, saa 3 usiku ushafika masaa 17. Binamu yangu wa bodaboda alikuwa anaunga mpaka saa 8 usiku, akasinzia sekunde chache tu barabara ya Pugu, macho wazi kabisa anasema, akakuta pikipiki iko kwenye mtaro na yeye yuko juu ya mchanga wa watu wa ujenzi. Huo mchanga ndo uliomuokoa. Kushusha kioo, kupandisha redio, kutafuna karanga, havisaidii zaidi ya dakika chache. Ukijikuta hukumbuki kituo cha mwisho ulichopita, simama, lala dakika 20, abiria akigoma mrudishie hela yake. Masaa mabaya zaidi ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na kale ka muda ka mchana ka saa 8 saa 9.

Magonjwa nitapita haraka. Mwaka 2015 watu 164 walidondoshewa virusi vya mafua puani, waliokuwa wanalala chini ya masaa 6 wakaugua mara 4 hivi zaidi ya waliolala zaidi ya 7. Na mwaka 1999 vijana 11 wazima walipolazwa masaa 4 kwa siku 6 tu, miili yao ikaanza kushindwa kuishughulikia sukari vizuri. Vijana, siku 6.

Mwisho, kama umefanya haya wiki tatu, unafika masaa 7 na zaidi, na kijiko bado kinaanguka dakika ya tatu, tatizo sio muda. Kuna watu wanakoroma na pumzi zinakatika usiku kucha bila wenyewe kujua, hao hata wakilala masaa 10 wanaamka wamechoka, na hiyo inatibika hospitali. Mwambie unayelala nae akurekodi na simu. Mi mama watoto alinirekodi, nilisikia jenereta kabisa, nikampelekea daktari akasikiliza mpaka mwisho, pumzi haikatiki, akaniambia nilale ubavu.